Mtaa Aliouchagua Verna

Katika Mtaa wa Palmetto kila nyumba ilikuwa na fimbo ya gofu iliyochomekwa ardhini kando ya mlango, mpini chini, kichwa cha chuma juu. Dwight Kowalczyk aliziona kabla hata hajashuka kwenye kigari cha gofu, na papo hapo akaanza kuzihesabu.

"Thelathini na nane," akasema. "Na zote zimevunja kanuni."

Dwight alikuwa mkaguzi wa majengo kule Toledo, jimbo la Ohio, kwa miaka thelathini na mmoja. Majira ya kuchipua moyo wake ulikuwa umesimama kwa dakika mbili, ukarudi kazini bila maelezo, na daktari akampiga marufuku ngazi, theluji na hasira. Ngazi na theluji yeye na mkewe waliziacha Ohio. Hasira walikuja nayo Florida.

Mitaa ya hapa Lake Ardis ni sabini na mmoja, yote ya wazee, na anayetaka kuhamia hupewa wiki moja katika nyumba ya majaribio kabla hajaamua azeekee mtaa gani. Si uamuzi mdogo. Ukikosea, utahamishwa mara moja tu tena, na mara hiyo hutasaini mwenyewe. Verna, mke wa Dwight, hakujali bwawa la kuogelea wala umbali wa viwanja vya gofu. Alitaka jambo moja: mtaa ambamo angeendelea kuwa na mumewe.

"Wapenzi wangu, Palmetto ni mtaa wa zamani," alisema Charlene, dalali wa nyumba, huku akiendesha. "Watu wake wana mambo yao."

"Na zile fimbo?" Verna akauliza.

"Mapambo," Charlene akajibu upesi, akakanyaga mafuta.

Jirani wa kulia aliitwa Orville Stamper, fundi mstaafu wa kuchomelea mabehewa, mwenye umri wa miaka themanini na mikono kama koleo. Dwight alimfuata asubuhi ya kwanza.

"Mzee Stamper, hii fimbo kazi yake nini?"

"Kusimama hapo."

"Kanuni ya kumi na nne inakataza pambo lolote mbele ya nyumba."

"Kanuni ya kumi na nne haijawahi kulala mtaa huu." Orville alitazama kidimbwi cha duara nyuma ya nyumba, kilichozungushiwa uzio. Ardhi ya huku ni chokaa, hujifungulia mashimo inapopenda. Lile la Palmetto lilimeza nyumba mbili pamoja na wenyewe, kisha likajaa maji. Akapunguza sauti. "Kinachokaa mle hakipiti penye chuma. Iache, bwana mgeni. Nakuomba."

Mtu mwingine angeiacha. Lakini hapa kwetu hakuna askari wa kanuni anayezunguka mitaani. Kanuni hulala usingizi mpaka jirani apige simu, na apigaye hatajwi jina. Ni utaratibu uliovunja urafiki mwingi kuliko mauti.

"Dwight wewe, hata hatujahamia bado!" Verna alimnong'oneza alipomwona ameshika simu.

"Ndiyo maana. Naunyoosha mtaa kwanza, ndipo nihamie."

Siku ya tatu wakaja maofisa wawili na kigari cheupe, futi ya kupimia, na fomu za nakala tatu tatu. Waling'oa fimbo moja moja, wakaipima urefu kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya urefu, wakampa kila mzee stakabadhi. Wazee hawakubishana. Walisimama vibarazani wakiwa wamekunja mikono, kama watu wanaotazama jeneza likipita.

"Mmemaliza?" akauliza Bi Odessa Tillman wa ng'ambo ya barabara, nesi mstaafu kutoka Georgia.

"Tumemaliza, mama."

"Basi kimbieni."

Walicheka, wakaandika kwamba wakazi walitoa ushirikiano mzuri.

Kesho yake, saa nne asubuhi, harufu ya yai viza ilipanda kutoka kidimbwini, ikaingia kila chumba. Verna alikwenda kufunga dirisha. Nje hapakuwa na ndege hata mmoja anayelia. Kisha akasikia kigari kikija, vuuu, vuuu, taratibu, akakiona: kigari cha Orville, kitini hamna mtu, usukani ukizunguka wenyewe kushoto na kulia kama unaochezewa.

Nyuma yake Orville alikuwa akiburuzwa kwa mkanda wake wa suruali, bado hai, kucha zake zikikwaruza lami na kuacha michirizi myekundu, akimwita mama yake aliyefariki miaka arobaini iliyopita, na kigari kikageuka kwenye maegesho yake, kikarudi nyuma, kikampita juu, kikasogea mbele, kikarudi tena, na kila kilipompita mlango wa gereji ulipanda na kushuka kwa kishindo kama kinywa kinachotafuna, mpaka sauti ya Orville ikakoma na Verna akaona kwamba kifua cha mzee yule kimelala kwenye saruji lakini uso wake unatazama mbinguni.

Maofisa waliandika: ajali ya kigari, dereva hakuwa makini. Habari ya shingo haikuandikwa, kwa kuwa fomu haikuwa na sehemu yake.

"Tunaondoka leo," Verna akasema. "Leo hii, Dwight."

Dwight alikuwa jikoni, amesimama kuelekea jokofu, kipaji cha uso kimeegemea mlango wake. Maji yalikuwa yakimtoka mdomoni, membamba, ya moto, yakinuka yai viza.

"Dwight?"

"Mkaguzi ametoka," ikasema sauti iliyokuwa kinywani mwa Dwight bila kuwa ya Dwight, sauti nzito yenye mapovu. "Alinifungulia mlango mwenyewe. Kwa simu."

Verna alimshika bega, na mkono wa mumewe ukamrusha hadi kwenye meza, jino likamtoka. Naye Dwight, au huyo aliyemvaa, akakiinua kidole chake cha shahada, akakitazama kwa hamu kama mtoto anayetazama biskuti, akakivunja kwa kukipinda nyuma, kisha kinachofuata, kisha kinachofuata, na kila mfupa ulipolia alicheka, na katikati ya kicheko hicho Verna alisikia sauti ya mumewe halisi, ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliye chini ya maji, ikisema, Verna, Verna, niondoe humu, huku kichwa chake kikianza kugonga ukingo wa meza ya marumaru, mara moja, mara mbili, mara tatu, na damu ikitiririka hadi kwenye kola ya shati alilolinunua kwa ajili ya gofu.

Mlango ukapigwa teke. Bi Odessa aliingia na fimbo ya gofu, ya thelathini na tisa, ambayo alikuwa ameificha chini ya kitanda na ambayo maofisa hawakuwa na fomu yake. Akakibandika kichwa cha chuma shingoni mwa Dwight. Ngozi ikafuka moshi. Kikombe, taa na kioo cha dirisha vikapasuka kwa pamoja.

"Mkandamize miguu, mwanangu, usimwachie!" Bi Odessa alifoka. Kisha kwa kile kiumbe: "Toka ndani ya mume wa watu."

"Nitoke niende wapi? Juu ya kwangu mmejenga."

"Rudi shimoni."

"Shimo nimelichoka."

Bi Odessa alimgeukia Verna, akanong'ona, jasho likimtiririka. "Nikimng'oa kwa nguvu atatoka na moyo wa mumeo. Jini hatoki bila kupewa pa kwenda. Na anayempa ni mwenye mgonjwa. Haraka, binti. Kinachomshikilia mumeo duniani ni kidogo sana."

Ubavuni mwa jokofu ilibandikwa ramani ya Charlene, mitaa yote sabini na mmoja kwa rangi za peremende. Verna aliitazama, damu ikimtoka mdomoni. Kila jina lilikuwa na watu. Kila jina isipokuwa moja, pembeni kabisa, ambako Charlene alisema paa zimeezekwa na hakuna aliyehamia.

"Sabal," akasema. "Nenda Sabal. Kutupu."

"Kutupu," sauti ikarudia, kama anayeonja. "Nitangoja. Lakini siku utakapofungua mdomo kumwonya mtu, au huyu kikongwe akathubutu, nitamrudia mume wako, na nitamchukua kipande kipande, wewe ukihesabu."

Ndipo Dwight akatapika maji ndoo nzima, akalegea, akalia.

Wiki tatu baadaye, kwa kuwa Ohio bado ilikuwa na ngazi na theluji, walikwenda ofisi ya mauzo kusaini nyumba ya Mtaa wa Magnolia, maili nne kutoka Palmetto. Dwight alikuwa na bandeji mkononi na nyuzi kumi na tisa kichwani. Alikumbuka kwamba alianguka. Alikaa akisoma kanuni za Magnolia, akipiga mstari chini ya zilizomfurahisha.

Kwenye viti vya kungojea walikuwapo mume na mke kutoka Minnesota, Rolf na Ardith Lindquist, wenye masweta yanayofanana. Charlene alikuwa akiwaandalia karatasi.

"Dada, samahani," Ardith akamwegemea Verna, "ninyi mnaonekana mmeizunguka mitaa. Tunachukua Sabal, sisi ndio wa kwanza kabisa. Umesikia lolote? Niambie ukweli tu, mimi si mtu wa kukasirika."

Verna alimtazama. Alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye mikono laini ya mtu aliyekanda mikate maisha yake yote. Rolf alikuwa amemshikia mkoba.

Upande wa pili Dwight alikohoa. Verna akageuka upesi. Kilikuwa kikohozi tu. Alipangusa mdomo kwa leso, akaitazama, akaikunja, akamtabasamia mkewe.

"Nini, mpenzi?"

"Hamna kitu," Verna akasema. Kisha akamgeukia Ardith, akaushika mkono wake laini. "Kumetulia sana kule. Mtapapenda."

"Afadhali!" Ardith akamkumbatia, akainuka, akaomba kalamu.