Kuni za Koko

Kila Jumamosi, kabla ukungu haujaondoka kwenye miti ya Olmotonyi, baba yake Naisula alikuwa tayari nyuma ya nyumba akilihudumia pipa lake. Mzee Philemoni alikuwa fundi wa kuchomelea. Siku nyingine alitengeneza mageti na madirisha ya watu, lakini Jumamosi alimwachia mtu mwingine karakana. Pipa alilikata mwenyewe, akalitia mlango, wavu na bomba, na humo alikausha nyama kwa moshi kuanzia asubuhi hadi alasiri. Hakuiuza. Alipenda tu kuiona ikibadilika rangi polepole.

Majirani walimcheka kwamba nyama yake huiva watu wakiwa wameshasahau njaa. Mama naye hakukosa neno.

"Mimi niliolewa na fundi," alisema huku akinusa shati la mumewe, "sasa naishi na bomba la moshi."

Hata hivyo, nyama ilipotoka, Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta sahani.

Mtu mmoja tu katika ukoo hakuwahi kuionja. Huyo alikuwa Koko, bibi yake Naisula, aliyeishi na ng'ombe wake huko Oldonyo Sambu. Kila alipoalikwa alijibu vilevile: "Moshi ni wa vibuyu vya maziwa. Nyama na moshi wapi na wapi?" Jambo la ajabu ni kwamba kuni za pipa zilitoka kwake. Zilikuwa za oloirien, mzeituni wa porini, ambao makaa yake Koko aliyatumia kusafishia vibuyu ili maziwa yanukie vizuri. Alimpa mwanawe mzigo wa kuni hizo kila mwezi, lakini nyama yenyewe aliikataa.

Jumamosi hii, Koko alikuwa amekubali kuja. Baba alikuwa na furaha mpaka akaweka chumvi kwenye chai yake.

"Naisula, mwanangu," alisema akivaa kofia ya pikipiki, "nakwenda kumchukua Koko. Mama yuko kwenye mazoezi ya kwaya, amekwenda na mdogo wako Lesian. Pipa nakuachia wewe. Kipande kimoja cha kuni kila nusu saa, basi. Moshi uwe mwembamba kama mvuke wa chai. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba."

"Hizo ndizo kuni pekee tulizobaki nazo. Ukizimaliza, hatuna nyingine."

Naisula alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hii hakuwahi kupewa. Alikaa kwenye kigoda kama askari mlangoni. Akatia kipande cha kwanza. Akatia cha pili. Ndipo sauti ya Nalepo, rafiki yake, ikapita juu ya ua wa migomba.

"Naisula! Tunacheza rede, tumepungukiwa mtu mmoja! Njoo basi, raundi moja tu!"

Naisula aliangalia pipa, akaangalia kuni. Akapiga hesabu ambayo ilimpendeza sana: akitia vipande vyote kwa pamoja, si vitawaka kwa muda wote huo? Akavitia vyote, akafunga mlango wa pipa, akakimbia.

Raundi moja ikazaa nyingine tatu. Aliporudi, jasho likimtiririka, pipa lilikuwa la moto kiasi cha kutogusika. Kuni zote zilikuwa zimewaka kwa mpigo na kubaki majivu. Moshi haukuwepo hata kidogo, na nyama ilikuwa bado nyekundu katikati.

Alizunguka nyumba nzima akitafuta kuni kavu, na kando ya jiko jipya akaviona vipande vya mbao vilivyobaki baada ya kupaua. Vilikuwa na rangi ya kijani. Naisula alijua kwa nini. Mafundi walipoondoka, Mama aliwaambia watoto kwamba mbao hizo zimetiwa dawa ya mchwa na zisichomwe hata kwa kuchemshia maji ya kuoga.

"Moshi ni moshi," Naisula alijiambia. "Halafu ni vipande viwili tu."

Moshi uliotoka ulikuwa mzito, na harufu yake ilikuwa kama ya duka la pembejeo. Alipofungua mlango baadaye, nyama ilikuwa imepata rangi ya kahawia inayong'aa. Kwa macho, ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza Baba.

Mama na Lesian walirudi kwanza, na punde pikipiki ikanguruma. Koko alishuka amekumbatia kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, Koko." Naisula aliinamisha kichwa.

"Marahaba, mjukuu wangu." Koko aliuweka mkono wake juu ya kichwa hicho, kama alivyofanya siku zote. Leo Naisula aliuona mzito.

Baba alikunja uso kidogo kwa ile harufu, lakini alipoiona nyama alisahau. "Ona rangi hii! Naisula, wewe ni fundi kuliko mimi!" Akamkumbatia. Naisula alitamani amgombeze.

Baba alikata kipande cha kwanza, akampa mama yake kwa mikono miwili. Koko alikipuliza kipande kile kipoe. Kisha hakukipeleka kinywani mwake. Alimvuta Lesian, mjukuu wake mdogo wa miaka minne, akamwambia, "Mdogo huanza. Fungua mdomo."

Lesian akafungua mdomo wote.

"Asile!" Naisula alipiga kelele, akaupiga mkono wa bibi yake. Nyama ikaanguka mchangani. "Asile, Koko! Nimechoma mbao za dawa!"

Alieleza yote huku akilia: rede, kuni, mbao za kijani. Baba alikiweka kisu chini polepole. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda akaitazama ile nyama.

"Hajameza?" Baba aliuliza.

"Hajaonja kabisa," Mama alijibu, akimfuta Lesian midomo.

"Basi lete jembe, Naisula. Tukaizike mbali, mbwa wasiifikie. Na pipa hili utalisugua na mimi mpaka harufu iishe."

Walichimba pamoja shimo refu, wakaifukia nyama yote. Waliporudi, Mama alikuwa amechukua mahindi yaliyochemshwa asubuhi na kuyachanganya na maziwa ya Koko, yakawa loshoro. Baba alionja, akasita, akaonja tena.

"Mama," alimwambia Koko, "maziwa haya yananukia moshi. Kumbe kazi hii wewe umeianza kabla yangu!"

Koko alicheka mpaka shanga zake zikalia. Kisha akamwita Naisula aketi karibu naye.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kucheza si kosa. Ukipewa kazi, ikamilishe kwanza, ndipo ucheze. Na ukikosea, sema mapema, kabla sahani haijaletwa. Baba yako atapata nyama nyingine. Lakini sumu ikishaingia tumboni mwa mtoto, huwezi kuiomba samahani ikatoka. Leo umechelewa kusema, ila umesema. Nami nakupenda."

Jumamosi iliyofuata Koko alikuja tena, na mzigo mpya wa kuni. Naisula alikaa kando ya pipa tangu asubuhi. Nalepo alipomwita hakujibiwa, akaja mwenyewe, wakakaa wawili kwenye kigoda kimoja wakihesabu nusu saa.

Kipande cha kwanza alipewa Lesian, cha pili Naisula. Cha tatu Koko alikila mwenyewe. Alikitafuna kwa muda mrefu, na Baba alisahau kupumua.

"Moshi ni wa vibuyu," Koko alisema hatimaye, akinyoosha tena sahani yake. "Na wa nyama, kidogo."