Kitambaa cha Kanali Belarmino

Erundina ndiye aliyegundua kwanza kwamba walikuwa wamenyamaza.

Ilikuwa inakaribia saa sita mchana, Jumanne, wiki ya pili tangu wapake jina jipya ukutani mwa nyumba ya unga. Ndani, wanawake tisa walikuwa wameketi chini wakizunguka rundo la muhogo, visu mkononi, na kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuukadiria, hakuna aliyefungua mdomo. Mgeni asingeona ajabu. Lakini hawa walikuwa wanawake wa kijiji cha Lagoa do Caroá. Wao humenya muhogo kwa kelele. Husengenyana, hugombana, hucheka mpaka wakajikata vidole, na Jucileide, binti wa Valdelice, huimba kuanzia gunia la kwanza hadi la mwisho.

“Jamani, nani amekufa?” Erundina akauliza.

Wakashtuka kama watu walioamshwa. Valdelice akajipangusa midomo kwa kiganja. “Mdomo wangu mzito, wifi. Kama kuna kitu kimekaa hapa.”

“Ni lile gongo la miwa ulilokunywa jana.”

Wakacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Kila mmoja alikuwa anajipangusa midomo.

Kule kwenye tanuri, Mzee Gildásio, mkaangaji wao, alikuwa ameacha kugeuza unga. Pawa lake refu la mbao limelala, unga unaungua, naye anatazama nafasi tupu kati ya kikamulio cha muhogo na mlango.

“Nani anavuta biri humu?” akauliza kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyekuwa anavuta. Lakini walipovuta pumzi wote waliisikia: harufu ya tumbaku nene, na chini yake harufu ya tambara lililolowa likaachwa kuchacha.

Erundina akamgeukia Jucileide amtume maji, maneno yakamkwama. Kutoka kila pembe ya mdomo wa binti yule kulikuwa na mstari mwekundu, umepita shavuni mpaka nyuma ya sikio, kama alama ya kamba iliyokazwa. Akamtazama Valdelice. Naye anao. Wote tisa walikuwa nao.

* * *

Nyumba ile ya unga ilikuwa ya Kanali Belarmino Taveira. Ukanali wenyewe haukuwa wa jeshi. Aliitwa hivyo kwa sababu ardhi yote mpaka mtoni ilikuwa yake, na watu walioikalia pia walikuwa kama wake. Kanali hakutaka wafanyakazi waule muhogo wake wala wapoteze muda wake kwa maneno. Kwa hiyo kila asubuhi wanawake walifungwa kitambaa mdomoni mlangoni, mmoja baada ya mwingine, na jioni wakafunguliwa. Yeye alikaa kwenye kiti kando ya kikamulio, biri mdomoni, akisikiliza kimya chake.

Alikufa. Watoto wake wakahamia mjini, wajukuu wakaisahau ardhi, na baada ya miaka mingi ya kesi serikali ikawapa wanakijiji mashamba na nyumba ile. Jina la Belarmino lilikuwa bado limeandikwa ukutani kwa nje, herufi kubwa kama ng'ombe. Wanawake walikutana, wakabishana siku nzima, kisha wakakubaliana kwa sauti moja: São Brás. Ni Mtakatifu Blasi, yule anayeitwa na kila mtu kule mtoto akipaliwa na mwiba wa samaki, mlinzi wa makoo. “Nyumba iliyofunga midomo yetu,” Erundina alisema, “sasa iwe ya mwenye kuifungua.” Akapanda ngazi mwenyewe na brashi, akamfuta Kanali, akaandika jina la mtakatifu kwa rangi ya buluu.

Wiki mbili baadaye ndipo wakaona ile mistari.

Jioni ile Valdelice alimfuata Erundina njiani. “Wifi, tumechokoza kitu.”

“Tumepaka rangi ukuta wetu.”

“Unajua ninachosema.”

“Najua. Na yeye ajue ninachosema mimi. Kesho tunafungua kama kawaida.”

* * *

Alhamisi, Jucileide aliamua kuimba. Hakuulizwa na mtu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, kiburi cha kutosha watu wawili, na harufu ya biri ilipoanza kuingia, saa ileile ya jua la utosini, alikata muhogo vipande viwili kwa pigo moja, akasema, “Mzee ananuka huyu,” akaanza wimbo.

Mstari wa kwanza ukajaa nyumba nzima. Katika mstari wa pili sauti ikakatika.

Alishika koo. Macho yakamtoka. Wanawake wakamrukia, mmoja akampiga mgongoni, mwingine akamwinamisha, wote wakipiga kelele, “São Brás! São Brás!” kama wanavyofanya mtu akipaliwa. Hakikutoka kitu. Pumzi ikarudi taratibu, ikipita puani kwa mluzi, lakini sauti haikurudi. Walipompa maji, maji yakamtiririka kidevuni. Hakuweza kumeza hata tone.

Wakampeleka zahanati mjini. Daktari alimulika koo, akasema ni safi kabisa. Akamtundikia dripu siku mbili, akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi Jucileide aling'oa sindano mwenyewe, akatembea hadi kituo cha basi, mama yake akimkimbilia nyuma. Kwa vidole alionyesha anakotaka kwenda. Nyumba ya unga.

Ndipo wakamwita Bi Filó.

Bi Filó alikuwa mganga wa dua, mwanamke mfupi mwenye rozari mbili shingoni na fungu la majani ya harufu kali mkononi. Aliingia mlangoni akajipiga ishara ya msalaba, akaanza kusali huku akipunga majani juu ya kichwa cha Jucileide aliyelazwa kwenye mkeka. Kabla hajafika katikati ya sala, majani yalikuwa yamenyauka, yakawa meusi, yakaanguka moja moja.

Akasikiliza, kichwa kimeinama upande. Kisha akasema kwa mnong'ono, “Huyu si pepo wa kupita. Huyu yuko kwake. Au anadhani yuko kwake.”

“Anataka nini?” Valdelice akauliza.

“Jina lake lirudi ukutani, mtakatifu afutwe. Akipata hilo, anasema atamwachia mtoto.”

“Na asipopata?”

Bi Filó alimtazama Jucileide, midomo yake iliyopasuka kwa ukavu, mashavu yaliyokwisha bonyea. 

Valdelice akasimama. “Leteni brashi.”

“Wifi,” Erundina akasema.

“Leteni brashi, nimesema!”

“Leo atataka jina. Kesho atataka kiti chake. Keshokutwa utapanga foleni pale mlangoni ufungwe mdomo.”

“Basi nitafungwa! Nitafungwa, Erundina, mwanangu akiwa hai! Wewe wanao wako salama São Paulo, wanakupigia simu kila Jumapili. Mimi ninaye huyu. Usinifundishe ujasiri kwa koo la mwanangu.”

  Erundina akaenda kwenye kona, akachukua kopo la rangi na brashi, akarudi, akavitua miguuni pa wifi yake.

“Mimi siandiki,” akasema. “Lakini sitakushika mkono. Ni mwanao.”

Valdelice akachovya brashi. Hakungoja ngazi ya kupandia nje; ukuta wa ndani ulikuwa mweupe, wamepaka chokaa mwezi ule ule. Akaandika B. Akaandika E. Harufu ya biri ikaja mara moja, nzito, karibu, kama mtu anayesoma juu ya bega lake. Akaandika L.

Mkono mmoja ukapita kando yake ukafuta herufi zote tatu kwa kiganja.

Alikuwa Jucileide. Hakuna aliyemwona akiinuka. Alisimama akiyumba, rangi inamchuruzika hadi kwenye kiwiko, akamtazama mama yake, akatikisa kichwa. Mara moja tu.

“Mwanangu, utakufa,” Valdelice akasema.

Jucileide akamtoa brashi mkononi, taratibu, akaitupa ndani ya pipa la maji ya muhogo mchungu. Kisha akaenda kuketi mahali pake penye rundo, akachukua kisu, akaanza kumenya.

Erundina akaketi kulia kwake. Mmoja mmoja, wengine wakaketi. Wa mwisho alikuwa Valdelice, akilia, akamenya muhogo bila kuuona.

* * *

Jua lilipofika utosini, vivuli vikaisha, na nyumba ikawa baridi.

Walisikia kwanza kiti. Hapakuwa na kiti mle ndani, lakini walisikia mbao zikilia kama mtu mzito anajiweka sawa kando ya kikamulio, na baada ya hapo ikaja ile harufu ya tambara lililochacha, ikapita nyuma ya migongo yao ikizunguka duara polepole, na kila ilipofika mwanamke mmoja kisu chake kilisimama, kichwa chake kikavutwa nyuma kwa nywele, na midomo yake ikabanwa na kitu chenye unyevu kisichoonekana kikakazwa mpaka ngozi ya mashavu ikaingia kati ya meno, halafu kikapita kwa wa pili, na wa tatu, bila haraka, kama mtu anayefanya kazi aliyoifanya kila asubuhi ya maisha yake na anaifurahia bado.

“Semeni!” Bi Filó akanong'ona kutoka mlangoni. “Lolote! Kimya ndicho chakula chake, msimpe!”

Erundina alikuwa bado hajafikiwa. “Belarmino!” akapayuka. “Farasi wako alikuwa na akili kukushinda!”

Mwanamke wa upande wa pili akatoa sauti kupitia meno yaliyobanwa, “Na alikuwa mzuri kukushinda!”

“Mkeo alikuwa anaiba unga wako, anampa bibi yangu!” mwingine akafoka, akivuta kwa vidole kile asichokiona. “Magunia, Kanali! Magunia! Tulinenepa!”

Wakaanza wote, matusi, vicheko vya woga, sala, majina ya watakatifu yaliyochanganyika na majina ya wanyama, na kwa kitambo ikaonekana kama kile kitu kinarudi nyuma. Halafu kikamgeukia Jucileide peke yake. Aliangukia mgongo. Shingo ikajaa, uso ukageuka rangi ya zambarau, visigino vikapiga sakafu.

“Anunciada,” mtu akasema.

Alikuwa Mzee Gildásio. Alikuwa ameshika pawa lake kama mkongojo.

Erundina akageuka. Anunciada alikuwa dada wa bibi yake, aliyekufa na miaka kumi na mitano kwa homa. Hivyo ndivyo familia nzima ilivyoambiwa.

“Haikuwa homa,” mzee akasema. “Nilikuwa na miaka tisa, nabeba kuni. Nilikuwepo. Alikuwa na njaa, akaiba kipande cha mkate wa wanga wa moto kutoka hapa, hapa nilipo, akakitia mdomoni kwa kusogeza kitambaa. Kanali akamwona. Hakumwacha ateme. Alimkazia kitambaa juu ya mkate, akakishika kwa mikono yake, akasema, sasa meza. Akakishika mpaka miguu ilipotulia. Kisha akaniambia nimwage maji sakafuni. Nikamwaga.” Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. “Miaka sabini na mitano, Kanali, nimekunyamazia. Nilikuogopa ukiwa hai, nikakuogopa umekufa. Imetosha. Ulimuua Anunciada mchana kweupe, nami nasema mbele ya watu wote hawa, na kesho nitasema sokoni, na Jumapili kanisani!”

Kitu kilipiga kelele. Haikuwa kelele ya mtu. Ilikuwa kama bawaba za mlango mkubwa zinang'oka. Jucileide alijigeuza akapiga magoti, akatapika bila kutoa kitu, akaingiza vidole kooni, akashika ncha, akavuta.

Kikatoka kitambaa. Cha kijivu, kilicholowa, chenye mafundo, kirefu kuliko mkono wake, na kila alipodhani kimekwisha kulikuwa na kingine nyuma yake. Valdelice alishika naye, wakavuta wote wawili, mama na binti, mpaka fundo la mwisho likatoka na damu kidogo. Mzee Gildásio akakipokea kwa ncha ya pawa. Hakukitupa haraka. Alikitazama, akakitemea mate, ndipo akakisukuma ndani ya moto chini ya tanuri.

Kiliwaka kwa muda mrefu, kikitoa harufu ya nywele zinazoungua.

Valdelice alikuwa na kikombe cha maji mdomoni mwa bintiye. Koo lilipanda, likashuka. Likapanda tena. Jucileide alikunywa vikombe vinne, akajilaza mapajani mwa mama yake, akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa imekwaruzika kama mlango wa banda.

“Mama,” akasema, “uliandika vibaya. L yako imepinda.”

Valdelice akampiga kibao kidogo begani, akacheka, akalia, akampiga tena.

* * *

Mzee Gildásio alisema sokoni, na akasema kanisani, mbele ya jamaa wawili wa ukoo wa Taveira waliotoka nje kabla ya komunyo. Kwenye kaburi la Anunciada waliandika kilichomuua. Sauti ya kuimbia ya Jucileide haikurudi. Daktari wa hospitali kubwa alisema haitarudi. Anaimba hivyo hivyo, kwa mkwaruzo, na anayecheka hutupiwa maganda.

Mwezi wa pili baada ya hapo, mchana wa jua kali, harufu ya biri ilikuja tena. Haikuingia. Ilisimama nje, hatua mbili kutoka mlangoni, na mbwa aliyekuwa amelala pale aliinuka akaondoka mkia chini. Wanawake waliangaliana, visu vimesimama hewani.

Jucileide akainuka. Akaenda mpaka kizingitini, mikono kiunoni, akaitazama ile nafasi tupu penye vumbi ambapo hewa ilikuwa inacheza kwa joto.

“Kaa hapo hapo,” akasema kwa ile sauti yake mbovu. “Jua kali, eh? Bibi zetu walilizoea, mashambani mwako.”

 Kisha akarudi mahali pake, akachukua muhogo mwingine, akamuuliza Erundina walikuwa wamefikia wapi kwenye habari za yule mwalimu na mke wa fundi pikipiki.