Wimbo Ndani ya Basi la Wageni

Haya yalimpata rafiki yangu Pélagie wa Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, anayewatembeza wageni wa mikutano ya Mbarara. Jioni moja walikuwa wakirudi kutoka ziwa Nakivale, mvua ikatia giza ndani ya basi. Huko nyuma mtu akaanza kuimba kwa Kifuliiru, lugha ya kwao Pélagie huko Kongo, wimbo ambao marehemu mama yake Pélagie alimbembelezea utotoni.

Pélagie alishuku kuna mgeni anayemchezea kwa rekodi ya simu. "Zimeni simu zenu," akawaambia. Wakazima zote.

Dereva Twinomujuni akageuka. "Madamu, si ni wewe unaimba?"

"Hapana, kaka. Mu hii gari hakuna mwingine mwenye anajua Kifuliiru."

Wimbo haukukatika. Pale mama alipokuwa akitia jina la Pélagie, sauti ikatia jina ambalo Pélagie mwenyewe alimchagulia mtoto aliyekuwa tumboni mwake, jina ambalo hakuwa amemtajia mtu yeyote, hata mumewe.