Tani Nne Kuelekea Mbita

Mzigo ulizidi tani nne. Pikapu waliyokuwa nayo ilikuwa ya kuvuta tatu na nusu. Hilo ndilo lililokuwa tatizo, na watu watatu walikuwa wamelikalia mchana wote bila kukubaliana.

IJUMAA, KABLA YA JUA KUZAMA

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vipuri, Migori mjini. Kilinuka grisi. Barnabas alikaa akiutazama mlango, kwa sababu siku hizi hakumpa mtu mgongo. Mdogo wake, Elvis, alikaa juu ya tairi kuukuu akitafuna muwa. Mochama, fundi wao, alisimama. Alikuwa amemwoa dada yao, Emmaculate.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisema. Jenereta kubwa juu ya trela, ndani ya yadi ya mkandarasi, njia ya Isebania. Mwenye yadi ni Msabato. Jumamosi hufunga, huenda kanisani na wafanyakazi wake wote. Hubaki mlinzi mmoja, Machuki, na Machuki alikuwa ameshanunuliwa. Mnunuzi alikuwa Mbita, anataka umeme wa kugandisha barafu ya samaki. Rongo, Rodi, Homa Bay, Mbita. Mzigo ufike kabla kanisa halijatoka.

"Jumanne ulisema tatu na nusu," Barnabas alisema. "Leo nne na zaidi. Jenereta imekula ugali?"

"Imekula dizeli, shemeji. Jumanne nilisoma kibati chake cha uzito. Kibati kinahesabu tangi likiwa tupu. Jana wamelijaza. Lita elfu moja."

"Nani amekwambia?"

"Machuki."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

Elvis alicheka. Barnabas alimtazama mpaka akaacha.

Mochama alijifuta mikono. "Hii yetu nyeupe ni nzuri kwa magunia. Kubeba na kuvuta si kitu kimoja. Tatu na nusu ndiyo mwisho wake, tena breki za trela ziwe zimeunganishwa na gari. Zisipounganishwa, hata tani moja ni nyingi. Itavuta, sikatai. Injini ina nguvu. Shida si kupanda, shida ni kushuka. Trela ikiwa nzito kuliko gari, wewe si dereva tena. Unapelekwa."

"Kwa hiyo?"

"Chukueni ile kubwa ya Priscilla, ya Kimarekani, yenye matairi mawili mawili nyuma. Tani saba inavuta bila kukohoa. Leo asubuhi niliingia yadi kama fundi wa breki, nikafunga kwenye trela plagi ya breki ya gari hilo. Limelipiwa mpaka Jumapili."

"Priscilla ana kaka karao pale kituo cha polisi Rongo."

"Priscilla hukodishia kila mtu. Hata mapadri."

"Sitaki gari lake."

"Basi mkifika yadi, mmwage dizeli kwanza."

"Tukae yadi na mpira mdomoni tukinyonya dizeli? Tukimngoja nani, Mochama?"

 Mochama alichungulia dirishani, jua lilikuwa limeshuka juu ya mabati ya soko. Akaweka funguo za gari la Priscilla mezani.

"Sabato inaingia. Kesho ni nyinyi."

"Mwizi anayeshika Sabato," Elvis alisema. "Omera, ndugu yangu, mbinguni utapitishwa mlango wa jikoni."

"Siku sita zinanitosha kwa dhambi," Mochama alisema, akatoka.

Barnabas alisubiri hatua zake ziishe uani.

"Yule mwenzetu Arasa, karao walimshika siku gani?"

"Jumamosi," Elvis alisema.

"Na huyu alikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Enhe." Barnabas alitia funguo mfukoni. "Kesho tunaenda na nyeupe."

JUMAMOSI, WAKATI WA SHULE YA SABATO

Machuki alifungua geti, akaiona pikapu nyeupe, akabaki na mdomo wazi.

"Ile kubwa iko wapi?"

"Unaiulizia kwa nini?" Barnabas alimsogelea. "Kuna mtu anaingojea?"

"Hapana, mkubwa. Mochama alisema..."

"Mochama hayuko."

Walifunga trela. Sehemu ya nyuma ya pikapu ilikaa chini kama mbwa, taa za mbele zikatazama mawingu. Elvis alishika plagi ya trela, akaijaribu kwenye soketi ya pikapu. Haikuingia. Ilikuwa pana, ya gari lingine.

"Kaka, trela haina breki."

"Tutaenda polepole. Endesha."

JUMAMOSI, WAKATI WA SADAKA

Walipita Awendo katikati ya mashamba ya miwa. Hakuna aliyewasimamisha. Jambo hilo lilimtuliza Elvis. Barnabas lilimtia wasiwasi zaidi. Barabara tupu namna ile, kwake, ilikuwa imesafishwa na mtu.

Baada ya Rongo akatoa simu.

"Afande, kuna fundi anaitwa Mochama. Sasa hivi yuko kanisani, Migori, kiti cha mbele. Jenereta imeibwa njia ya Isebania. Yeye ndiye aliyepanga. Jana alikuwa ndani ya yadi, muulizeni." Akakata, akatoa laini, akaitupa dirishani.

Pikapu iliyumba. Elvis alikuwa akimtazama yeye badala ya barabara.

"Umemchoma shemeji? Mbele ya Emma?"

"Wakiwa naye hawatatutafuta sisi. Tena yeye ndiye aliyemchoma Arasa."

"Hakuna aliyemchoma Arasa!" Elvis alipiga usukani. "Aliwasha simu aliyoiba. Karao wakaifuata simu mpaka kitandani kwake. Aliniambia mwenyewe nilipompelekea sabuni jela. Akaniomba nisikwambie, utamcheka."

"Mbona hukusema jana?"

"Jana ulitaka kujua siku tu. Nilidhani unapiga kelele zako, kesho zitaisha."

Barnabas alitazama mkono wake. Simu ilikuwa bado mkononi. Laini ilikuwa nyuma, majanini.

JUMAMOSI, WAKATI WA MAHUBIRI

Walipoipita Rodi, ziwa lilitokea mbele, jeupe kwa jua. Barabara ikaanza kuteremka kuelekea Homa Bay.

Mwanzo Elvis alishuka kwa gia. Trela ikaisukuma gia. Akakanyaga breki, zikashika. Akakanyaga tena. Harufu ya kuungua ikaingia ndani ya gari.

"Polepole," Barnabas alisema.

"Mimi siendeshi tena. Inatusukuma."

Pedali ikagusa chini bila kushika kitu. Boda boda mbili zikakimbilia mtaroni. Chini ya mteremko palikuwa na stendi, wanawake wenye beseni za dagaa wa omena, watoto, na basi lililosimama kushusha abiria. Elvis alipiga honi, hakuiachilia. Basi halikusogea.

"Lala chini," alimwambia kaka yake.

Akakata usukani kuelekea ukingo wa udongo, upande wake. Pikapu ikasimama. Trela haikusimama.

Watu wa stendi walifika kwanza. Wawili walimvuta Barnabas. Wengine walikimbilia mitungi, kwa sababu tangi lilikuwa limepasuka na dizeli ilikuwa inateremka mtaroni kama mvua imenyesha.

Elvis alikufa pale pale. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Barnabas alikatwa mguu wa kushoto hospitalini, pingu ikiwa kitandani.

Machuki alishikwa kabla ibada haijaisha.

Mochama alitolewa kanisani akiwa na suti na Biblia, waumini wote wakitazama. Bado yuko ndani. Alama za vidole vyake ziko kwenye plagi.

Emmaculate alimzika mdogo wake Jumamosi iliyofuata, mume rumande, kaka wodini. Tangu hapo Barnabas amempigia mara nyingi kwa simu za askari na manesi. Dada yake hajashika hata moja.

Jenereta haikufika Mbita. Dizeli waliimwaga hata hivyo, lita zote elfu moja.

Na mfukoni mwa Barnabas, askari walipompekua, walikuta funguo za gari la kuvuta tani saba, lililolipiwa mpaka Jumapili.