Kibuyu cha Bibi Fatu

Kila asubuhi, jua likichomoza, Mwaija na wanawake wenzake waliteremka hadi Mto Pangani kuteka maji. Walipita njia ile ile, wakasimama mahali pale pale. Kabla ya kuteka, walipiga maji kwa matako ya madebe: pu, pu, pu! Walisema kelele hizo zinamfukuza mamba. Mama zao walifanya hivyo, na bibi zao pia.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetawala. Ng'ambo, upande wa Korogwe, kulikuwa na mashamba ya mkonge. Huku, upande wa Handeni, watu walilima mahindi.

Siku moja Mwaija alipiga maji, akainama kuteka. Maji yakapasuka. Mamba akalidaka debe, akazama nalo. Mwaija akaanguka chali kwenye matope.

"Mama yangu wee!" alipiga kelele.

Mwezi ule mamba alikuwa ameshakula mbuzi na mbwa. Basi maneno yakaanza. Watu walimtaja Bibi Fatu, mjane aliyekaa jirani na Mwaija.

"Anateka maji peke yake, saa yoyote, wala haguswi," walisema. "Mamba ni wake. Anamtuma."

Wakaamua Bibi Fatu ahame kabla ya Ijumaa kuisha. Mjane mzee kama yule angekwenda wapi? Hakuna aliyeuliza. Mwaija naye, ambaye bibi huyo alimlea alipojifungua, akaanza kupita mbali na nyumba yake. Hata salamu aliacha.

Siku ya Alhamisi akaja Laurenti, mtu wa ng'ambo. Zamani alikata mkonge. Sasa alichuna ngozi za mamba kwa mnunuzi mmoja Mzungu. Aliposikia habari ile, alicheka.

"Mamba hatumwi na mtu, mama zangu. Anatumwa na njaa. Njooni mtoni, mwone."

Aliwasimamisha wote juu, kwenye ukingo mrefu. Akachukua mti mrefu, akapiga maji: pu, pu, pu! Wakangoja. Punde vikaibuka vinundu vitatu: pua na macho mawili. Vikasogea taratibu, bila sauti, hadi pale pale wanapoteka.

"Haya! Mnamfukuza au mnamwita?" Laurenti aliuliza.

Wanawake wakayatazama madebe yao. Laurenti akaendelea:

"Kwenye taya zake kuna vidoadoa vidogo vingi. Nimevishika kwa mkono wangu huu. Kwa vidoadoa hivyo anajua maji yakitikisika, hata gizani. Sisi wa mkonge tulisikia kengele ya posho, tukaja mbio. Yeye kengele yake ni madebe yenu. Tena anajifunza. Mkija saa ile ile, mahali pale pale, anawahi kufika. Anajificha chini ya maji, anangoja."

"Na Bibi Fatu?" Mwaija aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimemwona mara nyingi. Mgongo wake hauinami. Kwa hiyo amefunga kibuyu kwenye mti mrefu kama huu. Anasimama juu, anachota polepole. Leo hapa, kesho kule. Hapigi maji, wala haingii majini. Uchawi wake ndio huo!"

Mwaija aliona aibu, akashindwa kuinua uso.

Siku ile ile wanaume walianza kukata miti. Walichomeka magogo mtoni, karibu karibu, wakazungushia mahali pa kuteka. Laurenti aliwaambia pia wauepuke mchanga ulio kando ya mto wakati wa kiangazi, maana mamba jike hufukia mayai yake humo na huyalinda kwa ukali.

Ijumaa asubuhi Mwaija alikwenda kwa Bibi Fatu. Alimkuta mlangoni, mizigo imefungwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunisindikiza?"

Mwaija alipiga magoti. "Nisamehe, bibi. Na mimi nilikusema. Usiende. Wote wamekubali kwamba walikosea."

Bibi Fatu aligeuka. Kisha akaonyesha ukutani. Kibuyu chake kilisimama pale, na mti wake mrefu.

"Kile sikukifunga," alisema. "Nilitaka kukuachia. Una mtoto mdogo wewe."

Mwaija alilia mpaka kanga ikalowa. Bibi Fatu akamwinua, akamwambia aache kelele, amsaidie kufungua mizigo.

Masika mawili yalipita. Mbuzi hawakuliwa tena, wala mtu hakuguswa. Wanawake wote walikuwa na vibuyu vilivyofungwa kwenye miti mirefu. Na mamba akabaki na debe lake.