Kopo la Mbegu la Mama Hagar

Mume wangu Isom ni mtu mwema, ila ana kichwa kigumu. Mwaka ule nusura kichwa hicho kitupotezee mpunga wa mama yake.

Mama mkwe wangu, Hagar, alitunza mbegu zake miaka mingi katika kopo la biskuti. Kisiwani kwetu, pwani ya Karolina Kusini, Marekani, hakuna mwingine aliyebaki na mpunga ule. Alipofariki alituachia kopo. Mwezi wa Aprili tulichukua nusu ya mbegu tukazimwaga bondeni, nyuma ya nyumba. Ndege walikula walizoweza, maji yakabeba zilizobaki. Halikuota hata jani moja.

Nilimwambia Isom tumwendee Shangazi Viola, jirani yetu, ambaye amelima mpunga tangu usichana wake. Akakataa. Viola hupanda pekupeku, akitoboa tope kwa kisigino. Mama Hagar naye alipanda vivyo hivyo, na Isom alichekwa sana shuleni kwa ajili hiyo.

"Sitaki, Rosetta," alisema. "Hizo ni kazi za watumwa. Nitanunua mashine."

Sikubishana naye. Nilioka mkate wa viazi vitamu, nikamwalika Viola. Alipomaliza kipande cha pili nilimweleza yote mbele ya Isom, pamoja na lile neno la watumwa. Isom alinikazia macho. Nilijifanya sioni.

Viola hakukasirika. Alimuuliza tu, "Mwanangu, unajua kwa nini matajiri wa Kizungu walituleta nchi hii kutoka Afrika?"

"Kwa sababu ya nguvu," Isom alijibu. "Walitaka mikono."

"Mikono walikuwa nayo. Walitumia Wazungu maskini, waliofanya kazi miaka kadhaa kisha wakaachiliwa. Waliwakamata na wenyeji wa nchi. Kule Virginia, hata baadhi ya Waafrika wa mwanzo walipata uhuru. Lakini tumbaku ilitaka watu zaidi, na miwa ya visiwa vya Karibiani iliwamaliza watu upesi. Matajiri hawakutaka mfanyakazi anayeondoka. Basi wakatunga sheria. Mwafrika awe mtumwa maisha yake yote, na mtoto afuate hali ya mama yake. Utumwa haukushuka kutoka mbinguni, Isom. Watu waliketi mezani wakauandika."

Viola akaendelea kutueleza kwamba matajiri walipofika pwani yetu walitaka mpunga, na wengi wao hawakujua kuulima. Kwa hiyo wakawatafuta watu wa Gambia na Sierra Leone, ambao wazee wao waliulima karne nyingi. Kwenye minada ya watumwa waliutangaza ujuzi huo, kama mtu anavyomsifia ng'ombe wa maziwa.

"Kwa hiyo mama yangu..." Isom alianza.

"Mama yako alipanda kama alivyofundishwa na mama yake. Utumwa ni aibu ya walioutunga. Kupanda kwa kisigino ni elimu yetu. Sasa lete kopo."

Viola alichanganya udongo wa mfinyanzi na maji, akatia mbegu, akakoroga mpaka kila punje ikavaa udongo. Alisema ndege hatambui mbegu ya namna hiyo, na maji hayaibebi kwa kuwa imekuwa nzito. Tukaziacha zikauke.

Asubuhi tulikwenda bondeni. Viola alibonyeza kisigino chini, akadondosha mbegu kwenye shimo, akalifukia kwa vidole vya mguu. Isom alisimama pembeni na mabuti yake, akitazama. Niliogopa atarudi nyumbani. Kisha akaketi chini, akavua buti moja, akavua la pili.

"Mama alianza na mguu wa kulia," alisema.

Nililia, sioni haya kusema.

Wiki chache baadaye bonde lilikuwa la kijani. Septemba tulivuna, tukajaza kopo, na juu yake magunia mawili. Mwaka Mpya tulipika wali kwa kunde. Jirani yetu Tobias alikula sahani tatu, kisha akaomba mbegu akapande kwake.

Isom alishika kopo mkononi, hakulifungua.

"Nitakupa," alisema. "Lakini kwanza vua viatu."

Tobias alicheka. Isom hakucheka. Alivua vyake, akaanza kumwonyesha kisigino pale pale, kwenye sakafu ya jikoni.