Duara la Shangazi Azara

Kitu cha kwanza alichokigundua Wunpini kilikuwa mguu. Kila asubuhi, Shangazi Azara alipokuwa akimimina uji wa mtama, alivua kandambili moja na kuukanyaga udongo kwa unyayo mtupu. Ghafla aliinua kichwa kuelekea barabarani. Punde Wunpini naye alisikia lori likija.

"Umejuaje?" aliuliza kwa mikono.

Shangazi alicheka, akamwonyesha mguu wake.

Shangazi Azara hakuwa akisikia tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka tisa. Alikuwa dada wa baba yake Wunpini, na kwa desturi ya Wadagomba wa kaskazini mwa Ghana, msichana huyo alikabidhiwa kwake alelewe tangu akiwa mdogo. Nyumbani walizungumza kwa mikono, wakacheka sana. Shangazi aliweza kumwigiza mtu yeyote kijijini, hata Magazia, kiongozi wa wanawake, na mwendo wake wa bata.

Lakini asubuhi hiyo hakuigiza mtu. Aliweka kata ya nguo kichwani, akaenda kubeba kuni za ushirika wa wanawake wanaotengeneza siagi. Ilikuwa siku yake ya kumi ya kubeba kuni.

Kabla ya hapo alikuwa mkandaji. Katika banda la ushirika, wanawake walikaa kwa mistari, kila mmoja na beseni lake, wakikanda rojo la kokwa za mti wa shea mpaka siagi ipande juu. Magazia alipita nyuma ya migongo yao akiimba. Wimbo ulipobadilika, wote walimwaga maji ya baridi mara moja. Aliyechelewa, siagi yake iligoma. Kwa kuwa Azara hakuusikia wimbo, Wunpini alisimama nyuma yake kila jioni baada ya shule ili amguse bega.

Siku moja Rukaya na wenzake wa darasa la sita walichungulia mlangoni, wakamkuta akizungumza na Shangazi kwa mikono.

"Mwoneni!" Rukaya alisema, akipunga mikono hovyo. "Wunpini, unaongea au unafukuza nzi?"

Wote waliangua kicheko. Wunpini aliificha mikono yake mgongoni. Wimbo ulibadilika, maji yakamwagwa kila upande, naye hakumgusa Shangazi.

Rojo lote la beseni la Azara liliharibika.

"Si nilisema?" alinung'unika Mama Fuseina. "Kazi hii ni ya masikio."

Magazia alitikisa kichwa. "Jumamosi ya wiki ijayo mnunuzi anakuja kutoka Tamale kuchagua wakandaji wa mwaka mzima. Siwezi kubahatisha. Azara atabeba kuni."

Wunpini aliyasikia yote, akaondoka bila kukiri kosa lake. Lakini sasa, kila jioni, alimwona Shangazi akisimama kidogo mlangoni na mzigo wa kuni, akiyatazama mabeseni. Ijumaa hiyo, siku ya kumi, aliposhindwa kuvumilia, alikwenda kwa Magazia bandani.

"Magazia, kosa halikuwa la Shangazi. Sikumgusa bega. Nili... nilisahau."

Magazia alimgeukia. "Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu kesho mnunuzi anachagua. Na pia Shangazi husikia kwa mguu."

"Kwa mguu! Wewe mtoto, umelala vizuri?"

"Lori likija, yeye ndiye wa kwanza kujua."

Magazia aliacha mzaha. Alimwita Azara, akamketisha mbele yake. "Muulize," alimwambia Wunpini, "anahitaji nini ili akande kama sisi."

Mikono ya Shangazi ilikwenda kasi, kana kwamba jibu lilikuwa tayari siku nyingi. Wunpini alilitamka: "Anasema tukae duara, wewe ukae katikati, akuone. Wakati wa maji uinue kibuyu cha maji juu. Na badala ya kupita nyuma, upige ardhi kwa kibao cha kusawazishia sakafu."

Kila nyumba pale ilikuwa na kibao hicho. Wanawake hukitumia kushindilia ua mpya, wakipiga kwa mdundo mmoja.

"Tangu enzi za bibi zetu tunakaa mistari!" Mama Fuseina alilalamika.

"Bibi zetu hawakuwa na mashine ya kusaga inayonguruma mlango wa pili," Magazia alimjibu. "Juzi wewe mwenyewe hukunisikia, ukamwaga maji mapema. Sogeza beseni lako, mama."

Jumamosi duara likakaa. Mnunuzi, mwanamke mrefu mwenye miwani, alisimama kando. Azara alivua kandambili zote mbili. Magazia alianza kuimba, huku akipiga ardhi: du, du, du. Mikono ikazama kwenye rojo.

Katikati ya kazi, mashine ya jirani iliwashwa. Ngurumo ikaumeza wimbo wote. Ila kibao hakikusimama, na hakuna aliyepotea. Kibuyu kilipopanda juu, maji yalimwagika duara zima kwa mkupuo mmoja. Siagi ikaanza kupanda, nyeupe kama pamba, na beseni la Azara ndilo lililotangulia.

Mnunuzi alichovya kidole, akakisugua. "Huyu nimemchagua wa kwanza," alisema. "Na wengine wote pia. Sijaona siagi iliyopanda pamoja namna hii."

Vigelegele vililipuka. Mama Fuseina ndiye aliyepiga kigelegele kikali kuliko wote.

Magazia alimvuta Wunpini karibu, akasema kila mtu asikie. "Mtoto huyu alikosea, akakiri kabla hatujachelewa. Lakini kosa kubwa lilikuwa letu. Tuliiacha kazi ya mtu mzima ining'inie kwenye kidole cha mtoto, tukasema Azara hawezi. Banda tulilipanga sisi, kwa ajili ya wenye masikio tu. Mkiona mtu ameshindwa kazi, litazameni kwanza banda. Halafu muulizeni yeye mwenyewe."

Mlangoni walisimama Rukaya na wenzake. Wunpini aliwaona. Aliingia katikati ya duara, akasimama mbele ya Shangazi, akainua mikono juu, mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Sikusahau siku ile," mikono yake ilisema, na mdomo wake ukasema pamoja nayo, kwa sauti. "Nilikuonea haya. Leo natamani kijiji kizima kijue kuwa wewe ndiye uliyenilea."